Mto Uko Upande Gani

Kocha hakuwahi kuniita kwa jina langu. Aliniita Namba Tatu, kwa sababu nilicheza beki wa kushoto kwenye timu yake nilipokuwa kijana, na hata nilipooa, nikapata watoto, nikawa fundi wa pampu za maji anayejulikana kuanzia Garsen mpaka Ozi, bado alinisimamisha sokoni mbele za watu na kuniuliza, "Namba Tatu, hawajambo watoto?" Mke wangu alikuwa akichukia. Alisema mtu mwenye ndevu haitwi namba. Mimi sikuchukia hilo. Nilimchukia Kocha kwa jambo jingine kabisa, nikamchukia miaka miwili mizima, na nalieleza hapa kwa sababu siku hizi watu wanamsifu kwa maneno matamu ambayo yeye mwenyewe angeyapulizia filimbi.

Alikuwa mwembamba, isipokuwa shingo. Shingo ilikuwa nene, ya mtu aliyeupiga mpira kwa kichwa tangu utotoni mpaka alipoanza kuota mvi. Asubuhi alifundisha hesabu shule ya msingi, jioni alifundisha mpira, na hukuhitaji kuuliza ipi aliiona ndiyo kazi. Filimbi yake aliifunga kwa uzi wa nyavu, akaivaa shingoni hata siku za harusi. Mchezo ukiendelea hakukaa. Alitembea kandokando ya mstari, mbele na nyuma, na mchezaji aliyemtazama kutafuta huruma alipata jibu lile lile: "Usiniangalie mimi. Mimi si goli."

Kusifu hakukujua. Ukifunga mabao mawili alikwambia kamba ya kiatu chako imelegea. Ukikosa penalti hakusema kitu, alikupa chungwa. Tulichelewa sana kuelewa kwamba lile chungwa ndilo neno lake zuri, na wengine wetu tulikuwa tumeshalitupa.

Mtu asiyekulia kandokando ya Tana lazima nimweleze jambo moja, maana bila hilo hatalifahamu kosa letu. Sisi wa kijiji cha Hewani hatusemi sana kushoto na kulia. Tunasema upande wa mto na upande wa bara. Sufuria husogezwa upande wa mto, kitanda hugeuzwa kichwa kielekee bara, na mgeni aliyeziba mlango huambiwa asogee mtoni kidogo. Mtoto mdogo ukimfunika macho ndani ya nyumba atakuonyesha mto ulipo bila kufikiri. Kocha alifundisha mpira kwa lugha hiyo hiyo. "Tano, mtoni! Tatu, bara, bara!" Timu za mbali zilidhani tuna maneno ya siri, na refa mmoja alitaka kumpa kadi kwa sababu hiyo.

Basi mchezaji akigongwa kichwa, Kocha aliingia uwanjani na dumu lake la njano. Alimmwagia maji kisogoni, akamsimamisha, akamuuliza maswali matatu. Unaitwa nani. Leo siku gani. Kisha alimfumba macho kwa kiganja, akamshika mabega, akamgeuza mara mbili, akauliza la tatu: "Mto uko upande gani?" Ukionyesha sawasawa, ulirudi kucheza. Katika miaka yote ile sikumwona hata mmoja aliyekosa swali la tatu. Watu walitapika, walisahau siku, mmoja alijitaja kwa jina la kaka yake, lakini mto waliuonyesha. Na hakuna hata mmoja wetu aliyeona ajabu.

Alikuwa pia na mpira wa maji, na hilo halisemwi na wanaomsifu. Jumatano alichukua mpira mkuukuu wa ngozi, akautia mtoni ndani ya gunia mpaka ulowe, kisha akaturushia tuupige kwa kichwa, mmoja mmoja, foleni nzima. Alisema unakomaza shingo. Ulikuwa mzito wa kukufanya uone vimulimuli. Anayeyumba tulimcheka, naye akacheka pamoja nasi ili asionekane dhaifu. Kocha mwenyewe alisimama mwisho wa foleni na kupiga kumi zaidi ya mtu yeyote. Hakutuagiza jambo ambalo yeye hakulifanya, na kwa muda mrefu nilidhani hiyo inatosha kumfanya mtu awe na haki.

Ndugu yangu Jilo alikuwa Namba Tano. Mdogo wangu kwa mama mmoja na baba mmoja, mrefu kuliko mimi, mchekeshaji, na hakuna mpira wa juu uliompita. Siku tuliyocheza na timu ya Chara kwenye uwanja wa Garsen, aliruka pamoja na mshambuliaji wao, vichwa vikakutana. Nikiwa upande wangu wa uwanja nilisikia mlio. Yule wa Chara alishika paji la uso akaenda kukaa nje. Jilo alilala chini muda kidogo, Kocha akaja na dumu.

"Unaitwa nani?"

"Jilo."

"Leo siku gani?"

"Jumamosi, Kocha. Niko fiti."

Akamfumba macho, akamgeuza mara mbili. Mkono wa Jilo ulinyooka moja kwa moja kuelekea mashamba ya migomba na mto ulio nyuma yake. Kocha akampiga bega. "Rudi."

Sasa nitasema jambo ambalo sikulisema kwa mtu yeyote siku hiyo, wala mwaka ule. Jilo alipokuwa akirudi kwenye nafasi yake alipita karibu nami, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Kaka, leo tunacheza na nani?" Nilicheka. Nilidhani ananitania, maana ndivyo alivyokuwa. Lakini nilipomtazama usoni niliona hatanii, na nilinyamaza, kwa sababu tulikuwa tunaongoza bao moja na hatukuwa na beki mwingine wa kati. Haikupita robo saa, kona ikapigwa, Jilo akaruka tena, safari hii akagonga mwamba wa goli.

Hakufa. Watu waliniambia nishukuru kwa hilo, nami nilishukuru kwa mdomo. Wiki ya kwanza alilala na shuka usoni kwa sababu mwanga ulimuumiza. Mwezi wa pili maumivu yalipungua, na ndipo lilipoanza lile lililotutisha zaidi. Jilo aliacha kuongea. Aliacha kwenda shambani, akaacha kuoga asipokumbushwa, akawa ameketi ukingoni mwa kitanda anatazama mikono yake. Mahindi yake yaliota magugu mpaka jirani akayaonea huruma akayapalilia. Siku moja alimwambia mama, kwa utulivu kabisa, kwamba nyumba ingekuwa nyepesi bila yeye. Tangu siku hiyo tulificha kamba, tukaficha panga, na mama akawa hamwachi kwenda mtoni peke yake.

Mama alimpeleka kwa ustadhi akasomewa, akanywa kombe, aya zilizoandikwa kwenye sahani na kuoshwa kwa maji, na sisemi neno baya juu ya hilo, maana siku zile yalikuwa ndiyo maji pekee aliyokubali kunywa bila kulazimishwa. Hospitali walitupa dawa za maumivu ya kichwa. Majirani walisema ni mvivu, wengine wakasema amerogwa. Kila mtu alikuwa na neno lake.

Kocha pekee hakuwa na neno. Alikuja kila siku baada ya swala ya adhuhuri, akaketi kwenye kigoda mlangoni, upande wa mto, akakaa mpaka karibu na alasiri. Hakumsemesha Jilo, wala hakumwambia ajikaze. Alimenya chungwa, akaliweka kwenye kisahani, akalisogeza karibu na mkono wake. Siku nyingi lilibaki pale pale. Mimi nilikuwa namwona akija kwa mbali, nikainuka na kuondoka. Siku moja nilimzuia uani.

"Wewe ndiye uliyemrudisha," nilimwambia. Nilimwita wewe, mtu aliyenifundisha kuhesabu.

"Mimi ndiye niliyemrudisha," alisema.

Nilingoja ajitetee, aseme Jilo alionyesha mto, aseme ni kadari. Alinipita, akaenda kuketi kwenye kigoda chake. Ningependelea tugombane, maana angejitetea ningeweza kumwambia yote, na mimi pia ningelazimika kusema nililolisikia uwanjani. Alininyima ugomvi, na ndiyo maana nikaendelea kumchukia.

Mwaka wa pili wa ugonjwa wa Jilo walikuja watafiti. Daktari aliyewaongoza alikuwa mama mmoja mwenye sauti ya chini, aliyetaka kujua nini huupata ubongo wa mchezaji aliyegongwa mara nyingi, na kwa nini wengine baadaye huzama katika huzuni isiyoisha. Walikodi ghala la zamani la mahindi mjini Garsen, chumba kisicho na dirisha, wakatafuta mtu wa kuuliza maswali kwa Kiswahili na Kipokomo. Walinichukua mimi kwa sababu nilikuwa nimecheza na kwa sababu pampu haziharibiki kila siku. Nilienda kwa ajili ya Jilo, sikuwa na sababu nyingine.

Wiki ya kwanza kazi haikwenda. Karatasi ilisema tumuulize mtu kama siku hizi ana huzuni, kama amekata tamaa. Kila mchezaji aliketi mbele yangu, akashusha macho, akajibu, "Alhamdulillahi." Jilo mwenyewe, aliyekuwa hajacheka kwa miaka miwili, aliulizwa na msaidizi wa daktari kama ana huzuni, akasema alhamdulillahi. Kwa mujibu wa karatasi zile, bonde zima la Tana halikuwa na mtu mwenye majonzi.

Kocha ndiye aliyetuokoa. Aliingia ghalani bila kubisha, filimbi shingoni, akasimama mbele ya daktari.

"Mnawauliza vibaya," alisema. "Mtu wa hapa hawezi kumlalamikia Mungu mbele ya mgeni. Muulize kama ameacha kwenda shambani. Muulize nani anampalililia. Muulize mara ya mwisho alitoka lini na mtumbwi akavuka ng'ambo kumtembelea mtu. Hapo atakwambia, na yeye mwenyewe hatajua amekwambia."

Daktari akageuza karatasi, akaanza kuandika nyuma yake. Kuanzia siku hiyo majibu yalibadilika mpaka yakanitia hofu. Wanaume niliocheza nao, wanaonitania sokoni, walikuwa na mashamba yaliyokufa na mitumbwi iliyopasuka kwa kukaa juani.

Jilo alipoulizwa kwa njia ya Kocha alijibu kila swali, kisha akalia, na mimi nikaweka kalamu chini. Daktari akaupa ule ugonjwa jina, sonona, akasema ni ugonjwa unaotibiwa, akamwanzishia dawa na kumtaka aje kuzungumza naye kila wiki. Jioni nilimwambia Kocha. Aliligeuza lile neno mdomoni. "Sonona," alisema. "Kumbe lina jina, na mimi nilikuwa naliletea machungwa."

Siku hiyo chuki yangu ilipungua, nasema kweli. Haikuisha.

Daktari huyo ndiye aliyetueleza kuhusu mto. Alisema njia ya kuujua mto imekaa ndani yetu mno, kichwa kinaweza kutikisika vibaya na hiyo ikabaki. Aulizwe mtu jambo la dakika chache zilizopita: nani amefunga bao, mnacheza na nani. Aliposema hilo la pili nilitazama chini. Kocha alishika filimbi yake, na niliona anawahesabu, wote aliowageuza kwa mabega na kuwarudisha.

Alibadilika kama mtu anayebomoa nyumba aliyoijenga mwenyewe. Mpira wa maji aliuchoma moto nyuma ya darasa, mbele ya wanafunzi. Watoto aliwakataza kupiga kichwa kabisa. Akaweka sheria mpya: mchezaji anayeulizwa jambo asilolijua aseme sijui, kisha azungushe mikono yake mwenyewe, mmoja juu ya mwingine, ishara ya kubadilishwa, na anayemcheka akimbie mpaka darajani na kurudi. Watu wengi walikimbia mpaka darajani mwaka ule. Lakini swali la mto hakuliacha, aliliweka la mwisho. Nilipomuuliza kwa nini, alisema, "Siku mtu wetu atakaposhindwa kuonyesha mto, usinimwagie maneno. Siku hiyo hata mchezo usimamishwe."

Yeye mwenyewe alimtafutia daktari wachezaji wa zamani, nyumba kwa nyumba, mpaka Ozi. Alikumbuka kila pigo la kila mtu. Hakuhesabu kwa miaka, alihesabu kwa maji: fulani aligongwa mwaka wa mafuriko yaliyochukua daraja la miti, fulani ukame ule ng'ombe walipokunywa hata kwenye mifereji ya mpunga. Daktari aliandika mpaka mkono ukamuuma. Aliporudi kumuuliza, "Na wewe mwenyewe, mwalimu, uligongwa mara ngapi?" Kocha alisema yeye hakuwa na shida, akabadilisha mazungumzo.

Alikuwa na ukinzani huo. Asubuhi moja, nikipeleka pampu Hewani, nilimkuta nyuma ya darasa peke yake akiupiga mpira kwa kichwa ukutani, taratibu, mara kwa mara. Nilimkemea. Nilimwambia ni aibu kuwakataza watoto jambo analolifanya kwa siri.

"Nataka kujua Tano alisikia nini," alisema. Paji lake la uso lilikuwa jekundu. Nilimpokonya mpira, nikaondoka nao.

Kisha mkewe akaja ghalani kunitafuta. Alikuwa mama wa maneno machache, na siku hiyo alivuta kitambaa chake mpaka karibu na macho.

"Mwanangu," alisema, "mwalimu wako jana ameniomba chumvi mara tatu, na chumvi iko mbele yake. Juzi ameniuliza kama Jilo amepona, na Jilo alikuwa ndiyo kwanza ametoka kwetu. Nyumbani si kitu, nitamwangalia. Lakini yeye ndiye anayesema huyu acheze na huyu atoke. Nami nina mjukuu kwenye timu ile."

Hapo nilijua kilichokuwa hatarini. Mtu aliyesimama kati ya vichwa vya vijana wetu na pigo la pili alikuwa ameanza kusahau. Nilimwendea nikamwambia apimwe. Alikubali kwa sharti kwamba nimpime mimi, si daktari, na mlango ufungwe.

Nilimsomea maneno matano: jembe, pazia, samaki, kidole, asali. Akayarudia vizuri. Tukazungumza mambo mengine kidogo, kisha nikamwambia ayataje tena. Alisema jembe. Alisema samaki. Kisha akageukia ukuta.

"Uliza ya mto," alisema.

"Haimo kwenye karatasi, Kocha."

"Uliza."

Nikamuuliza. Ghala lile halina dirisha. Alifumba macho, akanyoosha mkono, na ulikuwa sawasawa kabisa. Akafumbua macho akanitazama, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu niliona Kocha anatafuta huruma kwangu. "Wakiniondoa uwanjani, Namba Tatu, nitakaa wapi?"

Niliandika maneno matano. Alitaja mawili, nikaandika matano, nikatia sahihi yangu. Nilijiambia kwamba aliketi mlangoni petu miaka miwili. Nilijiambia kwamba ameonyesha mto. Yaani nilifanya lile lile nililomchukia kwalo, kwa sababu ile ile, na nilitoka nje nikijiona mtu mwema.

Wiki tatu baadaye tulicheza na timu ya Kipini. Uwanja ulijaa. Mimi nilisimama nyuma ya kamba pamoja na Jilo, aliyekuwa ameanza kutoka nyumbani, ingawa alikaa nyuma kabisa na hakukanyaga nyasi. Kipindi cha pili Namba Nne wetu, mjukuu yule ambaye mke wa Kocha alimtaja, aliteleza akapigwa goti kichwani. Alilala. Kocha akaingia na dumu la njano, nami nikasogea mpaka kwenye mstari.

Alimuuliza jina, kijana akajibu. Hakumuuliza nani amefunga bao. Alimfumba macho, akamgeuza mara mbili.

"Mto uko upande gani?"

Kijana alinyoosha mkono. Alionyesha barabara ya Minjila. Alionyesha bara, kinyume kabisa cha mto, mbele ya watu wote, jambo ambalo hakuna aliyewahi kuliona.

Kocha alitazama ule mkono. Akageuza kichwa kuelekea barabarani, akageuza tena kuelekea migomba. Nilimwona anatafuta. Kisha akampiga kijana bega.

"Sawa," alisema. "Rudi."

Sikumbuki kuruka kamba. Nakumbuka nilimshika Namba Nne kiunoni nikamketisha chini kwa nguvu, refa akanipulizia filimbi, watu wa Kipini wakazomea, na mimi nikapiga kelele mchezo usimame. Kijana alitapika kwenye miguu yangu. Kocha alisimama na dumu mkononi, maji yakimwagika kwenye viatu vyake, akaniuliza kwa ukali, "Namba Tatu, nani kakwambia uingie?"

Kijana alipelekwa hospitali, akalazwa, akaruhusiwa. Kesho yake asubuhi nilimwendea daktari, nikamwambia ile karatasi ya Kocha ni uongo wangu. Hakunipigia kelele. Aliitafuta, akaichana, akaniambia sitauliza maswali tena, na alikuwa na haki. Kisha akasema, "Mlete. Huenda ni mapigo ya zamani, huenda ni umri, huenda ni sonona hiyo hiyo. Kwa nje hufanana, lazima tumpime vizuri ndipo tujue. Lakini uwanjani asiamue tena, hata siku moja."

Alasiri nilikwenda nyumbani kwake. Jilo alisema atanifuata. Tulimkuta Kocha ameketi uani kwenye mkeka, filimbi shingoni, mkewe akamletea maji na kutuachia nafasi. Jilo hakuketi mkekani. Alivuta kigoda, akakiweka mlangoni, upande wa mto, akatoa chungwa mfukoni na kuanza kulimenya.

Nilimwambia Kocha yote. Nilimwambia alitaja maneno mawili. Kisha, kwa kuwa mdomo ulikuwa umeshafunguka, nikageuka kwa Jilo nikamwambia na lile la siku ya Chara, kwamba aliniuliza tunacheza na nani, na mimi nilisikia, na nilinyamaza.

Jilo aliendelea kumenya. "Nilijua ulisikia," alisema baadaye. "Hilo ndilo jambo pekee ninalolikumbuka siku ile." Sikuweza kumtazama.

Kocha alikuwa amekasirika. Mishipa ya shingo ilimsimama. Alisema yeye hajashindwa na mtu, uwanja ule aliufyeka kwa mikono yake, na watoto wa jana hawatamfundisha kazi. Nilimwacha amalize. Kisha nikapiga magoti nyuma yake, nikamfumba macho kwa kiganja changu. Nilidhani atanisukuma. Alitulia.

"Unaitwa nani?"

Akataja jina lake, lote, kwa sauti ya darasani.

"Leo siku gani?"

"Jumatano," alisema. Ilikuwa Jumapili.

Tukasimama. Nikamshika mabega, nikamgeuza mara moja, nikamgeuza mara ya pili.

"Kocha, mto uko upande gani?"

Aliinua mkono. Ukaenda nusu, ukasimama, ukaanza kuzunguka taratibu, ukapita juu ya jiko, ukapita juu ya banda la kuku, ukarudi. Chini ya kiganja changu nilihisi kope zake zimelowa. Nilitamani kumsogeza kidogo tu, inchi chache, hakuna ambaye angeona. Sikumsogeza. Mkono ukashuka.

"Sijui," alisema.

Nilitoa kiganja changu. Hakugeuka kunitazama. Aliinua mikono yote miwili mbele ya kifua chake, akaizungusha, mmoja juu ya mwingine, polepole, kama alivyotufundisha, na hakuna aliyecheka. Kisha akavua uzi wa nyavu shingoni, ukakwama sikioni, akauvuta mpaka ukatoka. Nilinyoosha mkono nikidhani ni wangu. Alinipita.

"Tano," alisema. "Ingia wewe."

Jilo aliweka chungwa kwenye kisahani, akajifuta vidole kwenye suruali. Alikuwa hajakanyaga uwanja tangu siku ile, na uso wake ulionyesha hofu aliyokuwa nayo. Akaipokea filimbi, akaivaa. Kisha akamshika Kocha mabega, akamgeuza kidogo kidogo bila kumfumba macho, mpaka uso wake ukaelekea mtoni, akamletea kigoda, akamketisha.